Mama Wiliam na Bia Nyeusi ya Padri Kasimiri

Kwa miaka ishirini na mitatu, hapakuwa na pombe pale Sigino, nje ya mji wa Babati, iliyomfikia mgeni kabla haijapita kooni kwa Mama Wiliam. Jina lake la ubatizo lilikuwa Xaveria, lakini waliolitumia ni watu wawili tu: katekista alipoita majina ya jumuiya, na marehemu mumewe alipokuwa amekasirika. Ukiwa na harusi, kipaimara au arobaini ya msiba, pombe yako ya mtama ulimpelekea yeye asubuhi na mapema, kibuyu kimezibwa kwa jani la mgomba, nawe unakaa kwenye kigoda unangoja kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Yeye alinawa mikono, akachota kwa kata, akanusa, akapiga funda moja, akatazama juu. Kisha akahukumu. Hukumu zake zilikuwa tatu. "Bado inatembea" maana yake haijaiva, ifunike ilale tena. "Imepita" maana yake imechacha, wape nguruwe. "Imefika" maana yake nenda kaite wageni wako.

Malipo hakupokea. Alichopata ni kukaa mbele, na siku ya shughuli kunywa kata ya kwanza mbele ya watu wote, kwa sababu huko kwao kwenye milima ya Mbulu, na hata hapa Babati walikohamia, pombe ambayo mwonjaji hajaimeza hadharani haina mtu wa kuigusa. Mzee anaweza kuwa na ng'ombe sitini na kiu ya siku tatu, atangoja. Kwa mjane asiye na ofisi wala mhuri, hicho kilikuwa cheo, na Mama Wiliam alikipenda. Tusimsingizie unyenyekevu. Alikipenda sana.

Tena zilikuwa zama za vyeo. Mwaka 2005 Mkoa wa Manyara ulikuwa na miaka mitatu tu tangu uzaliwe, na Babati, mji uliozoea kulala saa mbili, ukajikuta makao makuu. Kila wiki watu walishuka na mafaili na magodoro juu ya pikapu. Kodi za vyumba Bagara zilipanda mpaka wenye nyumba wenyewe wakaona haya, haya ya siku moja hivi. Kijana aliyekuwa akiuza vitunguu sokoni alichapisha kadi zenye jina lake. Hao wageni wa mkoa siku za kazi walikunywa bia za chupa kwenye grosari za mjini, lakini Jumapili baada ya misa ungewakuta Sigino wamekunja suruali, wanauliza kwa adabu kama Mama Wiliam ameshaonja.

Sasa sikia alichokuwa anakificha. Masika ya mwaka uliotangulia alishikwa na mafua, yale ya kulala chini siku tisa, na yalipoondoka yaliondoka na pua. Yenyewe ilikuwepo palepale, pana na nzuri, ila haikusikia harufu yoyote. Aliunguza maharage akiwa amekaa hatua mbili kutoka jikoni. Alipishana na beberu njiani asijue. Ulimini alibakiwa na vitu vichache: utamu, uchungu, uchachu na chumvi. Yale mengine yote, yanayofanya pombe ya Jovita wa jirani ijulikane kuwa ni ya Jovita hata gizani, yalikwenda. Alijifukiza majani ya mkaratusi, akaenda zahanati, akaweka nia kwenye misa. Hayakurudi.

Angesema tu, utaniambia. Ni rahisi kusema ukiwa mbali. Bibi mwenye ulimi akipoteza ulimi anabaki bibi tu, wa kuletewa kikombe cha mwisho na kuulizwa habari za magoti. Hilo lilimtisha Mama Wiliam kuliko kaburi, maana kaburini angalau watu wanakuja wamevaa vizuri.

Kilichomwokoa ni uso wa mkwewe. Mwanawe Wiliam alikuwa Mirerani, machimboni, na mke wake Devotha aliishi na mama mkwe, wakipika pombe pamoja. Mtu akileta kibuyu, Mama Wiliam alikichukua akaingia nacho jikoni, akisema anatafuta kata safi. Humo ndani alimchotea Devotha. "Onja wewe kwanza, mwanangu, ujifunze." Kisha akamkazia macho. Pombe ikiwa imechacha, Devotha alifumba macho, akavuta midomo mpaka magego yakaonekana. Ikiwa bado, alikunja pua na kulaza kichwa upande. Ikiwa imefika, nyusi zilipanda mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Mama Wiliam alitoka nje, akanywa funda lake, akatazama juu, akahukumu. Mwaka mzima na zaidi hakusikia mtu akilalamika.

"Mkwe wangu huyu usimpe siri," aliwatania majirani. "Uso wake ni dirisha lisilo na pazia." Majirani walitazamana, wakasema ndiyo, Mama Wiliam.

Walipendana, wale wawili, kwa namna yao isiyo na maneno mengi. Siku Devotha alipoletwa bibi harusi, miaka sita nyuma, Mama Wiliam alicheza mpaka akasahau unga wa pombe aliokuwa akiukaanga kwenye karai. Ukaungua ukawa mweusi tititi. Katika vurugu za kuuepua, shangazi mmoja akaangusha kifurushi cha sukari guru jikoni, nayo ikaungua juu ya mawe ya moto. Nyumba ilinuka siku tatu, na bibi harusi aliingia kwake akipitia katikati ya moshi ule. Unga hautupwi, kwa hiyo Mama Wiliam aliupika hivyohivyo, ikatoka pombe nyeusi ambayo haijawahi kuonekana. Watu waliinywa, wakaomba tena. Amejaribu mara nne kuirudia pombe ile na mara zote nne amepata unga ulioungua tu.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa nane katekista akaleta ujumbe: Padri Kasimiri anamhitaji parokiani, na aje peke yake.

Padri Kasimiri alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano ya upadri Jumapili ile. Walizaliwa mlima mmoja. Akiwa mtoto alimbebea mama mzazi wa Xaveria maji ya kupikia pombe, akilipwa kwa machicha, na kuna wanaosema ndiyo maana alikuwa mnene mpaka seminari. Baadaye alipelekwa kusoma Ubelgiji, akarudi na shahada, miwani, na tabia ya kula jibini iliyooza.

"Tumsifu Yesu Kristo," Mama Wiliam alisema mlangoni.

"Milele amina. Shikamoo, dada."

"Marahaba, Padri. Kama umeniitia mchango wa sherehe, nimeshatoa kuku."

"Kaa kwanza." Padri alifunga mlango, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya meza. Ndani, zimevishwa soksi nyeusi za upadri, kulikuwa na chupa kumi na mbili ndogo nene. "Hii ni bia ya watawa. Nilipokwenda kuwaona marafiki zangu Ubelgiji walinipa. Wanaipika wenyewe, ndani ya monasteri, kati ya sala na sala."

"Watawa wa kike?"

"Wa kiume."

"Pombe iliyopikwa na wanaume," alisema Mama Wiliam, akiichukua chupa moja kwa vidole viwili.

Padri alieleza shida yake. Alitaka meza kuu ya wazee na wageni wa mkoa wapate kikombe kimoja kimoja siku ya jubilei. Lakini chupa zilikuwa zimekaa chini ya kitanda miezi kumi na minne, chini ya bati la Babati. Yeye mwenyewe hakuwa shahidi wa kuaminika, kwa kuwa bia ile aliipenda mno, na mwenye mapenzi hata chongo huita kengeza. "Kamati inaniuliza kama itafaa. Mwenyekiti wake, Melkiadi, ameshawaalika watu wazito. Nimewaambia tusubiri neno la Mama Wiliam."

Mama Wiliam alitupia jicho mlango uliofungwa. Devotha alikuwa Sigino, umbali wa saa nzima kwa miguu. Humu ndani kulikuwa na uso mmoja tu, wa Padri, na wenyewe ulikuwa unamtazama yeye.

"Inanywewa baridi au moto?" aliuliza, ili apate muda.

"Hilo ndilo zuri lake. Haitaki friji. Watawa wanaitoa stoo, wanaimimina."

"Yaani ya moto."

"Ya moto."

"Basi watawa wote hao, mbali kote huko, wanakunywa kama wazee wa Sigino." Aliinua chupa dirishani. Chini yake aliona tope limelala, na hapo moyo ukatulia kidogo, kwa sababu kitu kile alikijua. Pombe iliyotuama unaitikisa, machicha yapande, mnywaji apate chakula chake. Ukimpa mtu maji ya juu peke yake umemdhulumu. Padri alikuwa ameinama kabatini akitafuta kifungulio. Mama Wiliam akaishika ile chupa shingoni na kuitikisa kwa mkono uliotikisa vibuyu miaka arobaini, kushoto, kulia, juu, chini, akaigeuza kichwa chini miguu juu ili kuhakikisha, kisha akachomeka mpini wa kijiko chini ya kizibo.

"Mama Wiliam, hiyo hai—" alisema Padri, akigeuka.

Kizibo kilipiga dari. Povu lilikifuata, likaoga dari, likashuka kwenye kanzu nyeupe, kwenye kalenda ya jimbo, kwenye mkate wa chai na kwenye miwani. Mama Wiliam aliishika chupa mbali na mwili wake, mkono umenyooka, kama amekamata nyoka na hajui amweke wapi.

"Hao watawa," alisema lilipotulia, "wanaweka nini humu?"

Padri alicheka mpaka akakaa kwenye sanduku. Alipanguza miwani, akafungua chupa ya pili yeye mwenyewe, akamwonyesha inavyotakiwa: glasi unailaza, bia unaimimina taratibu ikiteleza ubavuni mwa glasi, ukikaribia mwisho unaisimamisha glasi povu lipande, na kile kidole kimoja cha tope unakiacha chupani. Glasi yenyewe ilikuwa na tumbo kubwa na mguu mwembamba. Bia ilikuwa nyeusi, ila ukiielekeza kwenye mwanga ilikuwa na wekundu wa chai ya rangi iliyokolea. Povu lilikuwa zito na la maziwa.

Mama Wiliam alinawa mikono. Akanusa, kwa mazoea. Kimya. Akapiga funda.

Utamu ulitangulia, uchungu ukafuata nyuma yake, halafu kitu cha moto kikateremka kifuani kikakaa. Alijua, kwa ujuzi wa miaka yote ile, kwamba kati ya utamu ule na uchungu ule kuna vyumba vingi, na yeye anapita nje ya nyumba. Iliuma. Alitamani kulia, akaona ni afadhali anywe tena.

"Uji wa mtoto huu," alisema.

"Pole pole, dada. Nguvu yake ni mara mbili ya bia ya grosari."

"Mimi nilikuwa nachota pombe wewe hujajua kutambaa."

Akaimaliza glasi. Masikio yakapata joto. Kiti cha Padri, alichokiona kigumu alipoingia, kikawa kiti kizuri. Akaisifu kalenda ya jimbo, iliyokuwa inachuruzika. Akasifu na kazi ya watawa, akasema hata wanaume wana mambo yao.

"Haya, sema," Padri alimwambia, amekaa mbele kabisa ya kiti, na usoni mwake ukamwona mtoto yule wa ndoo za maji. "Inatembea, imepita, au imefika?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alilisema mara mia bila kulijua na lingetoka tena bila shida. Lakini bia ile ilikuwa imefungua milango mingine.

"Kasimiri," alisema, na hakuwa amemwita hivyo tangu siku alipopewa daraja, "pua yangu imekufa."

Akamweleza yote. Mafua, maharage, beberu, mkaratusi. Padri alisikiliza kama anavyosikiliza watu kila Jumamosi, ila safari hii akiwa na povu kwenye nyusi.

"Kwa hiyo pombe ya Jovita ya Krismasi," alisema mwisho.

"Ilikuwaje?"

"Alipikia kwenye pipa la mafuta ya taa."

Mama Wiliam alishika mashavu. Krismasi ile Devotha alikuwa amekwenda kuwasalimu wazazi wake, na yeye aliamua kwa kubahatisha. "Mkainywa?"

"Ulisema imefika. Tukainywa. Mimi nilibeua taa mpaka Mwaka Mpya."

"Yesu wangu."

"Na hizi nyingine zote unazipataje?"

"Namwonjesha Devotha. Namsoma uso."

Padri alivua miwani. "Devotha yupi?"

"Mkwe wangu. Yule hawezi kuficha kitu."

"Mama Wiliam, yule binti nilimfungisha ndoa mimi. Nilipomwuliza kama anamkubali Wiliam alijibu ndiyo kwa uso wa mtu aliyetajiwa bei ya chumvi. Mpaka leo sijui siku ile alifurahi au alikasirika. Mama yake mzazi aliniambia hata alipozaliwa hakulia, aliwatazama tu."

Mama Wiliam aliinuka, akajifunga kitenge upya.

"Jumapili nitakupa glasi ya kwanza mbele ya watu," Padri alimaliza, akimsindikiza mlangoni. "Siri yako ni yako, sitaifungua. Ila hukumu nayo ni yako."

Alitembea kurudi Sigino jua likiwa bado juu, amenyooka kuliko kawaida, kama wanavyonyooka watu waliokunywa wanaojua wanatazamwa. Akipita Bagara alicheka peke yake akikumbuka kalenda. Akivuka barabara kuu hakucheka tena. Uso wa bei ya chumvi. Alirudisha nyuma miaka sita na kuutafuta uso wa Devotha akipokea zawadi, akifiwa na bibi yake, akichekeshwa na Wiliam. Kila alipoutafuta aliukuta vilevile, umetulia tuli. Zile nyusi za kupanda na kushuka zilianza lini? Alihesabu. Zilianza baada ya mafua.

Alimkuta kibarazani akichambua maharage, ungo mapajani. Kabla hajakaa, Jovita alitokea kwenye uzio wa minyaa akipunga simu.

"Devotha! Wiliam amepiga! Amepata ruhusa, Jumapili yuko hapa!"

Miezi mitano Devotha hakuwa amemwona mume wake. Aliinua kichwa. "Haya," alisema. "Asante, dada Jovita." Akarudi kwenye maharage. Hakuna kilichosogea usoni, hata kope. Mama Wiliam aliyekuwa amesimama karibu alitazama mikono yake badala ya uso, akaona anayatupa maharage mazima na kubakiza mawe.

Alikwenda chunguni, akachota kata ya pombe ya jana, akamletea. "Hebu onja, mwanangu."

Devotha alipiga funda, na hapohapo uso mzima ukainuka: nyusi kitambaani, macho makubwa, mdomo umeviringika. Uliigiza mpaka ukapitiliza, kama wa mtu anayemwonyesha kiziwi njia. Mama Wiliam alikuwa ameutazama uso ule mwaka na zaidi, na siku ile ndipo alipouona.

"Imefika?" alimwuliza.

Devotha alitikisa kichwa kukubali, akarudisha uso mahali pake, akaendelea na mawe yake. Mama Wiliam alisema anakwenda kuangalia kuku. Nyuma ya nyumba hakuangalia kuku wowote. Alilia mpaka kamasi zikatoka, kazi pekee iliyobaki kwa pua ile. Alilia kwa aibu na kwa mapenzi, na hakujua kipi kilikuwa kingi. Msichana yule asiyejua kucheka mbele ya watu alikuwa anajitesa kwa vibweka kila siku ili mama mkwe abaki na kiti chake cha mbele, na hakuwahi kusema neno.

Jumapili ilifika. Baada ya misa watu walijaa chini ya maturubai uani mwa parokia, wali ukapakuliwa, mbuzi wakaliwa. Wiliam alikuwepo, ameshuka asubuhi na basi, amekaa na wenzake nyuma akisimulia machimbo. Melkiadi, mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyetoka Moshi mwaka mkoa ulipozaliwa, alikuwa na kipaza sauti tangu asubuhi na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

"Ndugu wageni, sasa tunaingia kwenye kipengele cha kimataifa!" alitangaza. Chupa kumi zilizobaki zilipangwa mezani, zimevuliwa soksi. Karibu yake vilipangwa vikombe vidogo vya kahawa vya kuazima. "Na kama ilivyo desturi, Mama yetu Wiliam atafungua!"

Padri alimpa glasi ile yenye tumbo, mguu mwembamba, bia nyeusi imetulia ndani na povu lake juu. Akarudi kukaa. Alitimiza ahadi, hakusema neno.

Wazee wa Mbulu walikuwa mbele, maofisa wa mkoa pembeni yao, vikombe vitupu mkononi. Mama Wiliam aliyatazama macho yale yote. Alijua kwamba akisema neno moja, imefika, atarudi kwenye kiti chake na mambo yataendelea kama jana. Alikitazama na kiti chenyewe.

"Mimi sisikii harufu," alisema.

Melkiadi alimsogezea kipaza sauti. "Unasema haina harufu, Mama?"

"Nasema mimi. Pua yangu ilikwenda na mafua ya masika ya mwaka jana. Mwaka mzima na zaidi nimewahukumia pombe zenu kwa ulimi wa mtu mwingine, na kata ya kwanza nimekunywa mimi. Ni uongo, na ninaomba radhi. Wewe Jovita hasa, mwanangu, kwa lile pipa la Krismasi, na wote mlioinywa."

Kisha sauti ya Jovita ikatoka nyuma kwenye masufuria. "Tulijua, Mama Wiliam! Tangu Krismasi hiyohiyo!"

"Nani alijua?"

"Wote!" walijibu wanawake, na kicheko kikapita uwanja mzima, kikawafikia hata maofisa ambao hawakujua wanacheka nini. Mzee mmoja wa mbele, mwenye fimbo na kiu, akasema kwa sauti, "Tungempelekea nani mwingine, sasa?"

Mama Wiliam alisimama palepale na glasi yake. Aliudhika dakika moja, kwa sababu hakuna anayependa kugundua kwamba siri yake ilikuwa ya mtaa. Kisha akapanguza macho kwa ncha ya kitenge.

"Mtampelekea huyu," alisema. "Devotha, njoo."

Devotha alitoka kwenye masufuria na mikono yake yenye mafuta, akainawa, akaja. Mama Wiliam akamwekea glasi mikononi mbele ya watu wote. Akamnong'oneza, "Na leo usinifanyie vibweka. Kunywa kama unavyokunywa wewe."

Devotha aliinua glasi. Akanusa. Akapiga funda, akaliacha mdomoni, akameza. Watu wote walimtazama usoni, Mama Wiliam wa kwanza, na usoni hapakuwa na kitu. Hakuna unyusi uliopanda. Ulikuwa uso wa bei ya chumvi, na safari hii mama mkwe hakuwa na pa kusoma.

"Jamani, vipi?" aliuliza Melkiadi kwenye kipaza sauti.

Devotha alimpa mgongo. Aliinama mpaka mdomo wake ukawa sikioni kwa Mama Wiliam, na akaanza kusema. Katika miaka sita hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Mama, unaukumbuka ule unga ulioungua? Siku nilipoingia kwako. Ndiyo harufu iliyotangulia, ile ya karai, ukiukwangua huku unacheka. Halafu ile sukari guru ya shangazi juu ya mawe ya moto, unaikumbuka? Ipo, nyingi. Chini yake kuna ndizi mbivu, zile zinazosahaulika darini mpaka zinakuwa nyeusi. Mwisho kabisa unakuja moshi kidogo, wa kuni mbichi. Ni siku ile, Mama. Niliingia mlangoni macho yananiwasha, nyumba nzima inanuka hivi, na nilikuwa na furaha kuliko siku zote. Sikujua namna ya kuionyesha. Sijui mpaka leo."

Mama Wiliam alifumba macho. Pua haikufanya lolote, lakini aliliona karai, akaiona sukari ikichemka juu ya jiwe, akamwona binti mwembamba kwenye mlango wenye moshi, uso umetulia tuli, na safari hii alijua ulikuwa unasema nini.

"Hukumu ni ipi?" wazee waliuliza.

Devotha alinyooka. "Imefika," aliwaambia.

Mama Wiliam akachukua chupa ya kwanza mezani. Hakuitikisa. Alikilaza kikombe cha yule mzee mwenye fimbo, akaanza kumimina taratibu.